Kilembwe wa Mneandertali: Kisa cha Taya la Pango la Oase

Februari 2002, wapenya mapango watatu wa Romania walifika kwenye vyumba vya ndani vya pango moja karibu na Anina, kwenye milima ya Karpati kusini-magharibi mwa nchi yao. Huko hakufikiki kwa kutembea. Njia huzama majini, na mtu hulazimika kupiga mbizi gizani na kuibukia upande wa pili ndipo aendelee na safari. Walikuta mifupa ya dubu wa mapangoni, ile jamii kubwa ya dubu iliyokwisha kutoweka duniani, imetapakaa sakafuni kila upande. Kati ya mifupa hiyo, juu ya ardhi kabisa bila kufukiwa, lilikuwepo taya la chini la binadamu. Pango likaitwa Peştera cu Oase, yaani Pango lenye Mifupa, na taya likapewa jina la Oase 1.

Hapakuwa na zana ya jiwe mle ndani, hapakuwa na jivu la moto, wala dalili kwamba watu waliwahi kuishi humo. Lilikuwa pango la dubu. Kwa hiyo mtu huyu hawezi kupangwa kwenye utamaduni wowote wa zana, na karibu kila kinachojulikana kumhusu kimetoka kwenye taya lake. Mimi naliona taya hili kuwa kisa cha kufundishia kuliko mafuvu mengi mashuhuri zaidi. Juu yake walikutana watu wa aina mbili waliobishana kwa miaka mingi, wasomaji wa mifupa na wasomaji wa DNA, na jibu walilolipata hukaririwa nusunusu. Watu hukumbuka asilimia ya DNA ya Kineandertali iliyopatikana ndani yake, yaani ya Waneandertali, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka. Asilimia hiyo ndiyo sehemu dhaifu ya ushahidi, kama nitakavyoonyesha.

Mfupa ulivyosomwa

Maelezo ya kwanza ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 2003 na Erik Trinkaus, mwanaanthropolojia wa Marekani, pamoja na Oana Moldovan na wenzao. Walianza na umri. Mfupa wenyewe ulipimwa kwa kaboni-14 katika maabara mbili, Oxford na Groningen, na majibu yakisharekebishwa kulingana na kalenda huangukia kati ya miaka 37,000 na 42,000 iliyopita. Papo hapo taya hilo likahesabiwa miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya binadamu wa kisasa, yaani jamii yetu sisi, barani Ulaya. Na umri huo una uzito wa pekee, kwa sababu Waneandertali wanakadiriwa kutoweka Ulaya kati ya miaka 41,000 na 39,000 iliyopita. Mwenye taya aliishi ama pamoja nao katika siku zao za mwisho, ama muda mfupi tu kabla au baada ya hapo.

Kisha umbo. Ukilitazama kwa mbele, ni taya la mtu kama mimi na wewe: lina kidevu kilichochomoza. Waneandertali hawakuwa na kidevu cha namna hiyo. Mifupa ya mbele ya taya lao ilishuka ikielekea nyuma. Kwa alama hiyo Oase 1 ni binadamu wa kisasa, na hakuna aliyelipinga hilo. Ugumu ulianzia pembeni na nyuma. Matawi ya taya, zile sehemu zinazopanda kuelekea sikioni, ni mapana mno. Magego ya mwisho ni makubwa kupita ya watu wa leo.

Halafu lipo tundu. Upande wa ndani wa kila tawi la taya kuna tundu dogo ambamo mshipa wa fahamu wa meno ya chini huingia; ni eneo hilohilo ambalo daktari wa meno hulenga sindano ya ganzi. Kwa watu wengi wa leo ukingo wa tundu hilo umeachwa na mwanya. Kwa Waneandertali wengi mwanya huo umevukwa na daraja dogo la mfupa, na tundu likabaki na umbo la yai lililolala. Oase 1 alikuwa na daraja hilo upande mmoja wa taya.

Trinkaus na wenzake waliona kwamba mchanganyiko huo wa alama unaashiria damu ya Kineandertali kwenye ukoo wa mtu huyu. Waliopinga hawakuwa wakaidi. Hoja yao ilikuwa kwamba alama moja ya mfupa si cheti cha uzazi. Matawi mapana na magego makubwa yangeweza kurithiwa kutoka kwa mababu wa kale zaidi wa Afrika, kabla hata ya kukutana na Mneandertali yeyote, na daraja la mfupa hutokea kwa nadra hata kwa watu wasio na uhusiano wowote na Waneandertali. Kwa ushahidi wa mwaka 2003 peke yake, nadhani mtu mwadilifu angesema hoja ya Trinkaus ina uwezekano mkubwa lakini haijathibitika.

Mjadala ulikuwa umefika wapi

Hoja hiyo ilipokelewa kwa ubaridi, na sababu yake ilianza nyuma kidogo. Mwaka 1997 Matthias Krings, Svante Pääbo na wenzao walifanikiwa kusoma kipande cha DNA ya mitokondria, ile DNA ndogo ambayo mtu huirithi kwa mama tu, kutoka kwenye mifupa ileile iliyochimbuliwa mwaka 1856 katika bonde la Neander, Ujerumani, ile iliyowapa Waneandertali jina lao. DNA hiyo iliangukia nje kabisa ya tofauti zinazopatikana kwa watu wote walio hai. Wengi wakahitimisha kwamba Waneandertali walitoweka bila kuacha kitu kwetu.

Mwaka uliofuata, nchini Ureno, ilipatikana mifupa ya mtoto wa karibu miaka minne mahali panapoitwa Lagar Velho. João Zilhão na Trinkaus walidai kwamba mwili wake una alama za jamii zote mbili. Ian Tattersall na Jeffrey Schwartz walijibu kwa ukali kwamba huyo ni mtoto wa binadamu wa kisasa aliyejengeka kinene tu. Dai la Lagar Velho lilikuwa na udhaifu wa wazi, kwani mtoto huyo aliishi zaidi ya miaka 10,000 baada ya Waneandertali kutoweka, na ni vigumu kueleza jinsi umbo la babu wa mbali kiasi hicho lingeendelea kuonekana. Mwaka 2004 utafiti mwingine ulitafuta mitokondria ya Kineandertali katika mifupa ya watu wa kisasa wa kale, haukuipata. Wasomaji wa mifupa wakabaki wachache.

Mwaka 2010 hali ikageuka. Timu ya Pääbo ilitoa rasimu ya jenomu nzima ya Waneandertali, yaani DNA yao yote, iliyosomwa hasa kutoka kwenye mifupa ya pango la Vindija, Kroatia. Ikalinganishwa na jenomu za watu watano walio hai: Msan na Myoruba kutoka Afrika, Mfaransa, Mchina wa Han na Mpapua. Watu walio nje ya Afrika walionekana kubeba asilimia 1 hadi 4 ya DNA ya Kineandertali, kiwango ambacho vipimo vya baadaye vilikipunguza kidogo. Mfaransa hakuwa na zaidi ya Mchina au Mpapua. Maelezo yaliyokubalika yakawa kwamba mchanganyiko ulitokea mapema, pengine Mashariki ya Kati, kabla watu waliotoka Afrika hawajatawanyika kwenda pande zote.

Basi swali la kama walichanganyika lilijibiwa, lakini jibu lenyewe liliiweka Ulaya pembeni. Ulaya ndiko Waneandertali walikoishi kwa mamia ya maelfu ya miaka. Watu wa kisasa walipoingia huko waliwakuta. Je, huko nako walizaa nao? Jenomu za Wazungu wa leo hazikuonyesha dalili yoyote ya nyongeza ya aina hiyo. Taya la Oase ndilo lililokuwa na umri unaofaa na mahali panapofaa kulijibu swali hilo.

Unga wa mfupa

Kazi ilifanyika chini ya Qiaomei Fu, Pääbo, David Reich na wenzao, wakiwemo Moldovan na Silviu Constantin waliolifahamu pango lenyewe. Walitoboa sehemu ya chini ya tawi la kulia na kupata unga wa makumi machache ya miligramu. Hali ya unga huo ilivunja moyo. Karibu DNA yote iliyokuwemo ilikuwa ya bakteria walioingia kwenye mfupa kwa maelfu ya miaka. Ya binadamu haikufika hata asilimia moja. Na hata hiyo kidogo, zaidi ya nusu ilikuwa ya watu wa leo. Taya lilikuwa limeshikwa, limesafishwa na limepimwa na mikono mingi kabla mtu yeyote hajafikiria kulitafutia DNA.

Napenda jinsi walivyolitatua jambo hili, maana hapo ndipo uaminifu wa matokeo yote unaposimama. DNA ikikaa ardhini muda mrefu huharibika kwa namna inayotabirika. Herufi moja kati ya zile nne zinazounda DNA, sitosini, hasa iliyo kwenye ncha za vipande, hubadilika kikemia na mashine huisoma kama herufi nyingine, thaimini. DNA iliyotoka jasho la mtafiti wa mwaka 2003 haina uharibifu huo. Kwa hiyo watafiti walichagua vipande vyenye alama ya uharibifu na kuviacha vingine. Walitupa sehemu kubwa ya kile kidogo walichokuwa nacho ili kinachobaki kiwe cha mwenye taya kweli.

Pia hawakujaribu kuisoma jenomu nzima, kwani haingewezekana. Walitengeneza vinasio vya kuvuta kutoka kwenye ule mchanganyiko vipande vya mahali maalumu tu, pakiwemo mahali ambapo Mneandertali mwenye jenomu iliyosomwa vizuri, yule wa Altai huko Siberia, anatofautiana na karibu watu wote wa Afrika Magharibi waliolinganishwa naye. Waafrika walitumiwa kuwa kipimo kwa sababu DNA ya Kineandertali kwao ni kidogo sana. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba hata kwao si sifuri, kwa kuwa watu waliokuwa wametoka barani walirudi nayo baadaye, lakini kiasi hicho hakiharibu kipimo cha aina hii.

Asilimia na urefu

Matokeo yalichapishwa Juni 2015. Kati ya asilimia 6 na 9 ya jenomu ya Oase 1 ilitoka kwa Waneandertali, kiwango kilichozidi cha binadamu yeyote wa kisasa aliyekuwa amepimwa hadi wakati huo. Taarifa hii ndiyo iliyosambaa.

Lakini ijaribu hoja hiyo peke yake. Asilimia 8 inaweza kutokana na babu mmoja wa karibu. Inaweza vilevile kutokana na mchanganyiko mkubwa wa zamani sana, ambapo kabila zima lilibeba sehemu kubwa ya DNA ya Kineandertali iliyopungua polepole. Hizo ni historia mbili tofauti kabisa, na asilimia haiwezi kuzitenganisha. Pia asilimia yenyewe hutegemea njia ya kukokotoa, ndiyo maana tunapewa 6 hadi 9 badala ya namba moja.

Urefu wa vipande ndio unaotenganisha. Kromosomu, zile nyuzi zinazobeba DNA, hurithiwa kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama, na mtu anapotengeneza mbegu au yai lake, kromosomu mbili za jozi hukatana na kubadilishana sehemu. Kipande kirefu kilichotoka kwa babu mmoja hukatwa tena na tena kadiri vizazi vinavyopita. Wataalamu hupima urefu huo kwa sentimorgani. Sentimorgani moja ni umbali ambao uwezekano wa kukatwa katika kizazi kimoja ni karibu asilimia moja. Kipande cha sentimorgani 50 basi hupata mkato mmoja kwa wastani kila vizazi viwili. Hakiwezi kudumu mzima kwa vizazi mia, sembuse elfu.

Kwa watu wa leo, ambao mchanganyiko wao ulitokea zaidi ya miaka 43,000 iliyopita, DNA ya Kineandertali imekatwakatwa hadi kubaki vipande vya makumi ya maelfu ya herufi, vimetawanyika huku na huku. Kwa Oase 1 vilionekana vipande vitatu vilivyozidi sentimorgani 50 kila kimoja. Kwenye kromosomu ya 12, karibu nusu yake ilikuwa ya Kineandertali. Ukitazama mchoro wa kromosomu zake, alama za Kineandertali zimejipanga bega kwa bega kwa mwendo mrefu, kisha zinakoma ghafla. Kwa mtu wa leo mchoro huohuo ungeonyesha nukta za hapa na pale tu.

Hesabu ya urefu huo inatoa jibu hili: mwenye taya alikuwa na mzazi wa kale Mneandertali vizazi vinne hadi sita nyuma yake. Kwa miaka, ni chini ya 200.

Tuliweke hilo kwa utaratibu wa ukoo. Mtoto wa Mneandertali na binadamu wa kisasa ana asilimia 50. Mjukuu ana 25 kwa wastani, kitukuu 12.5, kilembwe 6.25, kining'ina kama 3. Juu ya hapo ongeza asilimia 2 hivi ambazo Oase 1 alikuwa nazo kama watu wengine wote waliotoka Afrika, zile za mchanganyiko wa kale. Kilembwe basi angefika asilimia 8, na hapo ndipo alipo mtu wetu. Kining'ina au wa kizazi kinachofuata naye anawezekana, kwa sababu mgawanyo wa kila kizazi ni wa bahati na mtu mmoja anaweza kurithi zaidi ya wastani wake, au akawa na wazee wa Kineandertali zaidi ya mmoja. Lakini kwa vyovyote vile tunazungumzia umbali wa ukoo ambao kumbukumbu ya familia inaweza kuuvuka. Huenda mtu huyu alisimuliwa habari za mzee yule.

Wazee kumi na sita

DNA ya mitokondria ya Oase 1 pia ilisomwa, na ni ya binadamu wa kisasa. Kromosomu yake ya Y (alikuwa mwanamume) nayo ni ya binadamu wa kisasa. Kama watafiti wangeishia kwenye mitokondria, kama walivyofanya wale wa mwaka 2004 kwa mifupa mingine, mtu huyu mwenye mzee Mneandertali karibu kiasi hicho angeandikwa kuwa hana uhusiano wowote nao.

Fikiria vizazi vinne nyuma. Kila mtu ana wazee 16 katika ngazi hiyo. Mitokondria ukiifuata kurudi nyuma hutoka kwa mama kwenda kwa mama yake kwenda kwa mama yake, kwa hiyo inamwakilisha mmoja tu kati ya hao 16. Kromosomu ya Y nayo inamwakilisha mmoja mwingine, upande wa baba tupu. Waliobaki ni 14, wanaume kwa wanawake, ambao vipimo hivyo viwili haviwagusi. Mzee Mneandertali wa Oase alikuwa miongoni mwa hao 14, au kwenye nafasi inayolingana nayo kama vizazi ni vitano au sita. Hesabu hii ndogo inatosha kueleza kwa nini hitimisho lililojengwa juu ya tokeo la 1997 lilikuwa na haraka. Tokeo lenyewe lilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Lililokosewa ni kulifanya lijibu swali ambalo halikuwa na uwezo wa kulijibu.

Kwa hiyo Trinkaus alikuwa na haki kuhusu taya hili, miaka 12 kabla ya DNA kulithibitisha. Sifa hiyo anastahili apewe kikamilifu. Hata hivyo nisingependa msomaji atoke hapa akiamini kwamba mfupa husema kweli daima. Trinkaus na wenzake waliona alama za Kineandertali pia kwenye mabaki ya pango jingine la Romania, Peştera Muierii, ya watu walioishi karibu miaka 34,000 iliyopita. DNA ya hao ilipopimwa, ilikuwa na kiwango cha kawaida kwa watu wa enzi yao, bila vipande virefu vya namna ya Oase. Macho yaleyale, wataalamu walewale, na safari hii umbo halikuashiria mzee wa karibu. Umbo linatosha kumfanya mtaalamu ashuku na kuamua mfupa upi utobolewe. Kukata shauri kunahitaji vipande vya DNA na urefu wake.

Kisa kinathibitisha nini

Kinathibitisha mahali. Mneandertali aliyeishi chini ya miaka 200 kabla ya mtu wa Romania hakuishi mbali sana na Ulaya ya mashariki au kusini-mashariki. Watu hawakuwa wakiingia Ulaya na akiba ya mchanganyiko wa zamani tu. Waliendelea kuzaa na Waneandertali waliowakuta huko.

Kinathibitisha pia kitu kuhusu maisha, na hapa nakiri kwamba jambo hili linanigusa. Ili Oase 1 awepo, mtoto wa kwanza wa mchanganyiko huo ilibidi anyonyeshwe, alelewe, akue na kuzaa. Mtoto wake vilevile, na mjukuu, na kitukuu. Mwenye taya mwenyewe alifika utu uzima. Magego yake ya mwisho yalikuwa yamekwisha kuota. Mlolongo mzima wa watu hawa ulilelewa ndani ya jamii, vizazi kadhaa mfululizo, na uzazi haukukatika. Hilo linapunguza nguvu ya ile picha ya zamani ya jamii mbili zilizokutana kama maadui tu. Halituambii kama mkutano wa kwanza ulikuwa wa hiari au wa nguvu, na anayedai kuujua kutokana na jenomu anaisomea yasiyomo.

Wengi hulitaja taya hili kana kwamba ni la babu wa Wazungu. Utafiti wa 2015 unasema kinyume. Oase 1 hana undugu wa karibu zaidi na Wazungu waliokuja baadaye kuliko alio nao na watu wa Asia Mashariki. Maana yake jamii yake haikuchangia kwa kiasi kikubwa katika ukoo wa watu wa Ulaya waliofuata. Walifika, walizaa na Waneandertali, kisha wao pia wakatoweka au wakamezwa na wengine bila kuacha alama inayopimika. Hii ndiyo sababu Wazungu wa leo hawana nyongeza ya DNA ya Kineandertali ingawa mchanganyiko ulitokea Ulaya kweli. Kabla ya Oase, ukosefu huo ulichukuliwa kuwa ushahidi kwamba mchanganyiko haukutokea. Sasa tunajua kwamba ulitokea na ukapotea pamoja na waliobeba.

Mtu anaweza kuuliza kama kisa kimoja si bahati nasibu. Ni swali la haki, na lilipata jibu mwaka 2021. Kwenye pango la Bacho Kiro, Bulgaria, mifupa ya watu watatu walioishi karibu miaka 45,000 iliyopita ilitoa jenomu, na wote watatu walikuwa na wazee Waneandertali vizazi vichache tu nyuma yao. Jenomu za kale za binadamu wa kisasa barani Ulaya ni chache, na kuwakuta watu wanne wenye mzee wa karibu kiasi hicho hakuelezeki kwa bahati. Mjini Leipzig, mwaka 2024, ilitolewa picha inayoikamilisha hii kwa upande wa pili: watu wa Ranis, Ujerumani, na wa Zlatý kůň, Chekia, nao wa miaka kama 45,000 iliyopita, walibeba mchanganyiko ule wa kale tu, ule wa watu wote waliotoka Afrika, bila nyongeza ya karibu. Kulikuwa basi na makundi yaliyozaa na Waneandertali wa Ulaya na makundi ambayo hayakufanya hivyo, katika enzi moja. Hata hivyo watu wa Ranis na Zlatý kůň nao hawakuacha uzao kwa watu wa leo.

Mchanganyiko tunaoubeba sisi ni wa mapema zaidi. Utafiti mwingine wa 2024 uliotumia mamia ya jenomu za kale na za sasa uliuweka kati ya miaka 50,500 na 43,500 iliyopita, kwa muda wa karibu miaka 7,000. Mromania anayeishi leo karibu na Anina ana DNA ya Kineandertali kama Mjapani au Mperu alivyonayo, na kwa kiasi kinachokaribiana. Ameipata kutoka kwa watu wa kipindi hicho cha kale. Zile sentimorgani 50 za mzee wa Oase hazimo ndani yake, wala ndani ya mtu mwingine yeyote aliyekwisha kupimwa.